Kigelegele cha Taifa

Haya yalitokea katika nchi ambayo sitaitaja jina. Siogopi kitu. Ni kwamba kamati iliyoundwa kuitafutia nchi hiyo jina lenye heshima zaidi bado inakaa, na mwenyekiti wake amewaomba wananchi wasilitumie lile la zamani ovyo.

Tangu ianze, nchi hiyo iliongozwa na wanaume, na wote walikuwa viongozi bora, kama walivyokuwa wakitueleza wenyewe. Basi ukafika uchaguzi ambao Chama cha Maadili kilijikuta hakina mgombea. Waheshimiwa waliokuwa wakiiwania nafasi hiyo walikuwa wameumbuana magazetini mpaka wake zao wakarudi kwa wazazi. Chama kikatafuta mtu asiye na doa, kikatafuta tena, mwishowe kikamwona Mheshimiwa Theofrida Kungulu, mbunge aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Alikuwa mwalimu wa zamani wa sayansi kimu, mke wa mtu, mama wa watoto wenye adabu. Wakubwa wakampitisha kwa makubaliano kwamba atashindwa kwa heshima.

Mama huyu hakuficha msimamo wake. Kaulimbiu yake ilikuwa "Nyumba Kwanza". Alisimama majukwaani, kitenge mpaka kwenye kifundo cha mguu, akasema kwamba mwanamke wa nchi ile ametoka nyumbani muda mrefu mno na sasa arudi, ugali unaungua.

Hapo ndipo nchi ilipopata homa. Wanaume walirudi mikutanoni wakisema, "Anasema kweli tupu, lakini hapana." Wanawake walirudi wakisema, "Anasema upuuzi mtupu, lakini ndiyo." Wanaume hawakutaka kutawaliwa na gauni, hata gauni lenye akili zao wenyewe. Wanawake nao walikuwa wamesubiri tangu enzi za mama zao kumwona mwenzao akipigiwa saluti, na kwao hayo maneno mengine yalikuwa kama mvua siku ya harusi, unapita tu chini yake. Siku ya kura wanawake walikuwa wengi zaidi kwenye foleni, kwa kuwa wamezoea foleni. Mheshimiwa Theofrida akashinda, na wakubwa wa chama wakashtuka sana.

Siku ya kiapo uwanja ulijaa. Mstari wa mbele walikaa wanawake wa Soko la Kati, wote katika khanga za sare, na katikati yao Bi. Stamili, mwenyekiti wao.

Bi. Stamili alikuwa mjane, muuza khanga, na alikuwa na kigelegele. Nasema alikuwa nacho kama mtu mwingine anavyokuwa na shamba. Kilianzia chini, kama birika linalotaka kuchemka, kikapanda, kikazunguka huko juu, kikakaa bila pumzi mpaka waliomsikiliza wakaanza kuvuta pumzi kwa niaba yake. Harusi aliyokosa kuhudhuria watu waliona kama haijafungwa vizuri. Tena yeye na huyo kiongozi mpya walisoma pamoja shule ya bweni, wakalala kitanda kimoja cha ghorofa, Theofrida juu, Stamili chini.

Basi kiongozi akaapa, majenerali wakampigia saluti, akaanza kuhutubia. Katikati ya hotuba aliinua mkono wa kulia akasema jambo fulani. Bi. Stamili aliuona ule mkono. Aliona mkono wa mwanamke umeinuka juu ya kofia za majenerali, na hakuna jenerali aliyeushusha. Kigelegele kikamtoka chenyewe. Wanawake wa uwanja mzima wakakidaka, na kwa muda mrefu hakuna aliyesikia kitu kingine. Bi. Stamili alilia mpaka khanga ikalowa, na Redio ya Taifa ikarekodi yote.

* * *

Zamani, kabla ya tangazo la serikali, redio ilipiga ngoma. Utawala mpya uliona ngoma ni ya kiume mno. Ikaundwa Idara ya Shangwe, na kazi yake ya kwanza ikawa kutafuta sauti laini ya kutangulia amri. Sauti ikapatikana bila gharama.

Siku moja asubuhi, pale Soko la Kati, redio zote za vibandani zilipiga kigelegele kwa pamoja. Wanawake waliruka.

"Stamili! Si wewe huyo?"

"Mimi!" akasema Bi. Stamili, akaziba mdomo kwa khanga, anacheka. "Ni mimi jamani!"

Kisha mtangazaji akasoma amri kwamba kuanzia leo mwanamke anayepanda bodaboda atakaa upande, miguu pamoja. Wiki hiyo hospitali zilipokea wanawake wengi waliovunjika kwa adabu.

Amri ya pili ilihusu baraza la mawaziri. Wote walikuwa wanaume. "Mwanamke mmoja huko juu anatosha," alieleza Mheshimiwa. "Tukizidi watasema ni upendeleo." Kila kikao kilianza kwa yeye mwenyewe kuwamiminia mawaziri chai mbele ya kamera, na mawaziri, waliokuwa wamekosa usingizi tangu uchaguzi, wakaanza kunenepa.

Amri ya tatu iliwataka watangazaji wa kike wasome taarifa ya habari wakiwa na ndugu wa kiume studioni, kwa ulinzi wa sauti. Baba mdogo wa mtangazaji mmoja alikuwa na kikohozi. Taifa likajifunza kusubiri amalize.

Kabla ya kila amri, kigelegele.

Wanawake wa sokoni walikuwa na maelezo. "Anawazuga tu hao wanaume," walisema juu ya amri ya kwanza. "Anajipanga," walisema juu ya ile ya pili. Juu ya ile ya tatu walisema, "Mpeni nafasi, hata kiti hajakizoea." Walisema haya kwa sauti kubwa, halafu kila mmoja akageukia bidhaa zake na kuzipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

Aliyefurahi waziwazi ni Mzee Dunga, mwenye bucha mkabala na kibanda cha Bi. Stamili, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya bucha hiyo. Huyu aliapa kwamba mwanamke akishinda atahamia nchi jirani, na masanduku alikuwa amekwisha kufunga. Baada ya amri ya tatu aliyafungua.

"Shemeji," alimwita Bi. Stamili, kisu mkononi, "huyu mama ni mwanaume kwelikweli. Nakushukuru kwa ile sauti yako. Nikiisikia tu najua leo kuna jambo la maana."

Mke wake, Mama Sikudhani, aliyekuwa shoga yake mkubwa Bi. Stamili, alimwambia aendelee kukata nyama.

Bi. Stamili alianza kuondoka sokoni mapema. Watu asiowajua walikuwa wakimsimamisha barabarani. Wengine walimpa mkono. Wengine, wasichana hasa, walimtazama tu, wakaukunja mdomo na kupita.

* * *

Alikuwa na binti mmoja, Shani. Shani alipata mtoto akiwa bado shuleni, mvulana mwenye mashavu, aitwaye Faraji. Serikali iliyopita, siku zake za mwisho ikiwa haina tena cha kupoteza, iliruhusu wasichana wa namna hiyo warudi darasani. Shani akarudi. Akarudi na Sikudhani, binti wa Mzee Dunga, ambaye naye alikuwa na wake mgongoni. Walisoma darasa moja na kupokezana kulea, na mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia.

Jumapili moja nyumbani kwao, hatua chache kutoka sokoni, Shani alikuwa anapiga pasi sare, mama yake anachambua mboga, Faraji anatambaa chini ya meza. Redio ikapiga kigelegele.

Mtoto aliinua kichwa. Akaangalia redio, akaangalia huku na huku, akapiga makofi. "Bibi!" akasema. "Bibi!"

Ndipo mtangazaji akasoma, "Wasichana waliokwisha kuitwa mama hawataitwa tena wanafunzi. Shule zote zitekeleze kuanzia kesho."

"Bibi!" Faraji akarudia, anaelekeza kidole redioni.

Shani hakulia. Alimalizia kupiga pasi ule mkono wa shati uliobaki, akaikunja sare vizuri, akaiweka juu ya kiti.

"Mama," akasema, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa, "ni wewe huyo."

Bi. Stamili alisimama na mchicha mkononi. Alitaka kusema kitu, lakini aliihofu sauti yake mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara, Mzee Dunga aliisikia amri hiyohiyo, akaikubali kwa kutikisa kichwa kama desturi yake. Mkewe akamuuliza kama amesikia vizuri.

"Nimesikia. Ni amri nzuri."

"Na Sikudhani?"

"Hii si kwa akina Sikudhani," alisema Mzee Dunga. "Hii ni kwa wale wengine."

Kesho yake mlinzi wa shule hakuwa na maelekezo yoyote kuhusu tofauti hiyo. Sikudhani alirudi nyumbani kabla maziwa hayajachemka. Mzee Dunga alifunga bucha siku hiyo, akawaambia wateja ng'ombe hawajafika.

* * *

Bi. Stamili alijifunga khanga nyeusi, akaenda Idara ya Shangwe.

Ilikuwa katika jengo zuri lililokuwa zamani Wizara ya Maji. Mkurugenzi wake, Bwana Gaudensi Mtimba, alikuwa mtu mpole aliyevaa suti ya rangi ya embe, na alimpokea kwa mikono miwili.

"Mama yetu! Tunu yetu! Karibu kiti. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuchukua sauti yangu."

"Uliisahau hapa?"

"Mnaipiga kabla ya kila amri, baba. Mimi sikushangilia amri. Nilimshangilia mtu."

Bwana Gaudensi aliitafakari hoja hiyo kwa heshima. "Naelewa, mama. Ila idara haina chombo cha kutenganisha." Akainuka, akafungua spika iliyokuwa ukutani. "Hebu sikia kazi tuliyoifanya. Hiki kirefu ni cha sheria. Hiki kifupi ni cha barabara kufungwa. Na hiki," akapunguza sauti, "tumekipunguza kasi kwa ajili ya misiba ya kitaifa. Sikiliza kinavyohuzunisha."

Bi. Stamili aliisikiliza sauti yake ikivutwa kama mpira. "Kifuteni," akasema.

"Kufuta shangwe ni hujuma, mama, na mimi nina familia. Ila ukituletea kipya tutashukuru sana. Hiki kimeanza kukwaruza."

Bi. Stamili hakunyanyuka kwenye kiti. Alikaa mpaka saa ya chakula cha mchana ikapita, na kwa kuwa Bwana Gaudensi hakuwa na moyo wa kumfukuza mtu, alipiga simu. Simu ikapiga simu nyingine. Jioni gari la Ikulu likaja kumchukua.

* * *

Mheshimiwa alimpokea katika sebule yenye vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti. Alimwambia mlinzi asubiri nje, akamimina chai yeye mwenyewe, bila kamera.

"Bado unaweka sukari nyingi?"

"Daktari amenikataza, Mheshimiwa."

"Tukiwa wawili niite Theo."

Kwa kitambo walikunywa chai. Kisha Bi. Stamili akaweka kikombe chini.

"Theo, umetudanganya."

Mheshimiwa hakukasirika. Alionekana kama mwalimu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake liko ubaoni. "Nitajie jambo moja nililolifanya, Stamili, ambalo sikulisema kwanza."

Bi. Stamili alitafuta. Amri ya bodaboda ilisemwa mkutano wa kwanza. Ya mawaziri ilisemwa wa pili. Ya watangazaji ilisemwa redioni, na wanawake wa sokoni waliicheka.

"La watoto wa shule," akasema. "Hilo hukulisema popote."

"Nililisema uwanjani, siku ya kiapo. Niliinua mkono nikasema kwamba katika utawala wangu mtoto aliyekwisha kuwa mama hatarudi darasani." Alimtazama mwenzake usoni. "Ndipo ukapiga kigelegele."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Bi. Stamili aliacha imalize.

"Sikukusikia, Theo. Uwanja ulikuwa na kelele."

"Kelele zilikuwa zako."

"Nilikuwa nakuangalia. Nilikuwa na furaha."

"Najua. Niliwaona." Mheshimiwa alikuwa anazungusha kijiko ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka. "Sentensi ile nilikuwa naiogopa. Niliiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Wazee wa chama walisema lazima iwemo. Mimi nikajiambia, akina mama wakizomea, nitasema ni pendekezo tu, nitairudisha mfukoni. Nikaisema. Na uwanja mzima wa wanawake ukapiga vigelegele." Akaacha kuzungusha. "Nikasema, kumbe na wao wanataka hivi. Tangu siku ile sijawahi kuwa na wasiwasi."

Bi. Stamili alijifunika uso kwa khanga. Mheshimiwa aliinuka, akaja kukaa karibu naye, akamshika bega kama zamani bwenini mmoja wao alipopata barua mbaya kutoka nyumbani.

"Mwanao anaitwa Shani, sivyo? Usilie. Siku ya Nyumba, sikukuu yetu mpya, inakuja. Njoo uwanjani, tupigie kipya, watu wakuone kwa macho. Mimi nitamruhusu Shani arudi darasani afanye mtihani. Yeye peke yake. Siwezi zaidi ya hapo, watanila."

"Na wenzake?"

"Mama zao sikulala nao chumba kimoja."

Alilisema hili kwa upole kabisa, na Bi. Stamili, njia nzima ya kurudi, hakuweza kumchukia. Kumchukia kungekuwa nafuu.

* * *

Alimweleza Shani yote, isipokuwa habari ya sentensi.

Shani alikuwa anamnyonyesha mtoto. "Na Sikudhani?" akauliza.

"Wewe peke yako."

Shani alimbembeleza mtoto mpaka akasinzia. Bi. Stamili alikuwa amejiandaa kusikia maneno makali, na ndani ya moyo wake aliyatamani, maana binti akisema "usiende" yeye angepumzika.

"Mama," alisema Shani, "mimi nataka mtihani." Kisha akageukia ukutani.

Siku ya Nyumba uwanja ulijaa tena, safari hii kwa barua za mwaliko zilizosema kutohudhuria ni hiari na majina ya waliohiari yatachukuliwa. Wanawake wa Soko la Kati walikaa mstari wa mbele. Mama Sikudhani alikaa bega kwa bega na Bi. Stamili, akamrekebishia mtandio. Hakuwa ameambiwa kitu. Alidhani shoga yake ameletwa kwa lazima kama wengine, akamnong'oneza, "Ukiitwa, jifanye una mafua."

Mheshimiwa akahutubia. Msema chochote akaita, "Na sasa, shangwe!" Kamera zikageuka.

Bi. Stamili alisimama. Alikuwa na tumaini moja, kwamba sauti itakataa. Usiku kucha hakulala, asubuhi hakunywa maji, na kooni alihisi kama amemeza pamba. Akafungua mdomo akisubiri kukwama.

Kikatoka. Kikatoka kizuri kuliko siku ya kiapo, kuliko harusi yoyote, safi, cha juu, kikazunguka uwanja na kurudi. Askari wa gwaride walisisimka. Bwana Gaudensi, suti ya embe, alilia waziwazi. Mama Sikudhani alimgeukia akiwa ameduwaa, na kwa kuwa hakujua afanye nini, akapiga makofi.

Jumatatu Shani alipita mbele ya bucha akiwa na sare.

Bi. Stamili alimwona Mama Sikudhani akitoka buchani, akivuka barabara, akija moja kwa moja kibandani kwake. Akaweka chini ile doti aliyokuwa anaikunja. Alikuwa amejiambia kwamba akitukanwa hatajibu, akipigwa hatajikinga.

Mama Sikudhani akasimama mbele yake, akavuta pumzi.

"Shoga," akasema kwa sauti ya chini, "nifundishe."

* * *

Habari zilienea. Haikupita muda akina mama wa mabinti wa namna ile wakawa wamejaa nje ya Idara ya Shangwe, kila mmoja akisema kwamba naye anaweza kupiga. Serikali sikivu haiwezi kuwaacha watu juani. Bwana Gaudensi akatangaza redioni Utaratibu wa Msamaha kwa Shangwe.

"Ndugu wananchi," alisema, "amri iko palepale na haitalegezwa hata kidogo. Hata hivyo, mama yeyote mwenye binti anayehusika atafika mbele ya jopo la wataalamu, atapiga kigelegele, na jopo likiridhika na kiwango cha furaha yake, binti atafanya mtihani nyuma ya pazia. Shangwe lazima itoke moyoni. Jopo litajua."

Majopo yalikaa kwenye kumbi za shule. Ua wa Bi. Stamili ukawa chuo. Walikuja jioni baada ya soko, wengine kutoka mitaa ya mbali, wakasimama mistari, na yeye akapita katikati akiwarekebisha. "Ulimi usiguse meno. Tumbo ndani. Usimeze mate katikati." Hakuna aliyemlaumu kwa lolote. Walimletea mayai. Walimwita mwalimu. Kila mara mmoja wao alipomshukuru aliangalia pembeni, na usiku alimwambia Shani kwamba ana jino linamsumbua, ndiyo maana hali chakula.

Mzee Dunga alimsindikiza mkewe kila jioni. Hakuingia. Alikaa nje kwenye tofali na chupa ya maji ya mkewe ya kusukutulia, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Wapita njia waliomjua walimuuliza, "Vipi mzee, utawala unaendeleaje?" Naye akajibu kwamba anamsubiri mtu.

Siku hizo wageni kutoka mataifa rafiki walitembelea nchi yetu. Walipita mitaani, wakasikia kila ua unavyovuma vigelegele, wakarudi kwao wakaandika kwamba hawajawahi kuona wanawake wenye furaha kiasi hiki chini ya uongozi wa mwanamke mwenzao. Tulisomewa ripoti hiyo redioni. Tuliisikiliza tukiwa tumeinamisha vichwa. Wengine walidhani tunaomba.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mtihani, Shani alirudi nyumbani akaketi jikoni bila kuvua viatu. Darasa lake lilipakana na ukumbi wa jopo, na kutwa nzima mwalimu wa hesabu alikuwa akisimama na chaki mkononi, akisubiri kila mama amalize.

"Niliwatambua kwa sauti," Shani alisema. "Mama Mwanahija walimkubali. Yule mama wa kule machimboni walimkubali, ingawa alikuwa analia. Walidhani ni mtindo."

"Na Mama Sikudhani?"

"Alipiga. Wakamwambia arudie. Akapiga tena. Sijawahi kumsikia akipiga vizuri vile." Shani alianza kufungua kamba za viatu. "Wakamwambia arudi mwakani, akiwa na furaha."

Bi. Stamili alichukua mtandio, akavuka barabara.

Bucha ilikuwa imefungwa. Mzee Dunga alikuwa amekaa kizingitini. Alimpisha bila kuinua macho. Uani Sikudhani alikuwa anaanua nguo za mtoto.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Mama Sikudhani alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini alitabasamu, akajisogeza ili mgeni apate nafasi.

"Umesikia?" akauliza. "Ulimi sasa nauweza, hata wao walisema. Tumbo naliweza. Wanasema kilichopungua ni hiyo furaha yenyewe." Akapuliza makapi pembeni. "Nikuulize kwa dhati, shoga, maana mwakani si mbali. Hiyo nayo unaifundisha?"

Bi. Stamili aliketi, akavuta ungo nusu upande wake, akaanza kutoa mawe. Walichambua mchele ule wote, na ulipokwisha, Mama Sikudhani akamimina mwingine.